Mkeka wa matokeo unakatika ukifika kwenye printa

Swali

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya sekondari. Nina mkeka wa matokeo ya kidato cha pili kwenye Excel: wanafunzi 140, masomo kumi, kila somo lina alama na gredi, na mwishoni kuna jumla, wastani, pointi, daraja na nafasi. Kwenye skrini uko safi kabisa. Nikiupeleka steshenari, majina yanatoka peke yake na alama zinatoka kwenye karatasi nyingine, kurasa zinazofuata hazina vichwa vya masomo, na mara nyingine zinatoka karatasi tupu. Nikichagua uingie wote kwenye ukurasa mmoja, maandishi hayasomeki. Pia nina taarifa ya taaluma ya bodi ya shule kwenye Word. Ndani yake kuna jedwali moja pana, nataka ukurasa wake tu ulale, lakini nikiulaza zinalala zote. Kikao cha wazazi kimekaribia, naomba msaada.

Jibu

Mwalimu, habari za kazi, na pole kwa kuingiza alama za watoto 140. Hiyo ndiyo kazi nzito. Hili la kuprinti lina utaratibu wake, na ukishaupanga mara moja ndani ya faili hilo, muhula ujao utabadilisha alama tu. Majina ya vitufe nitayaandika kama yalivyo kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo iliyopo kwenye kompyuta nyingi za shule.

Tuanze na sababu. Word huanza na karatasi: ukifungua faili jipya, ukurasa uko mbele yako. Excel haina karatasi. Shiti moja ina mistari 1,048,576 na kolamu 16,384, na kurasa zinapatikana pale tu unapotaka kuchapa. Kama hujaiambia ukurasa wako uwe vipi, inajipangia yenyewe. Inachukua saizi ya karatasi iliyowekwa kwenye kompyuta ile, inapanga kolamu kuanzia kushoto mpaka ile isiyotosha, inakata hapo, kisha inateremka na kolamu hizo hizo mpaka mwanafunzi wa mwisho. Ikishamaliza ndipo inarudi juu kuchapa kolamu zilizobaki. Ndiyo maana ulipata majina yote kwanza, halafu rundo la alama zisizojulikana ni za nani. Printa haina kosa, na kijana wa steshenari hana kosa. Ukurasa ulikuwa haujapangwa.

Kwa hiyo anza na karatasi kabla ya kugusa kitu kingine. Nenda Page Layout, kisha Size, chagua A4. Usidhani imeshakuwa A4. Kompyuta nyingi huja na mipangilio ya Marekani, na huko karatasi ya ofisini ni Letter, yenye upana wa milimita 215.9 na urefu wa milimita 279.4. A4 yetu ni 210 kwa 297. Kwa kutazama tu huwezi kuzitofautisha, lakini Letter imezidi A4 upana kwa karibu milimita 6 na imepungua urefu kwa karibu milimita 18, na hizo zinatosha kuhamisha mistari na kukata kolamu ya mwisho. Faili lililopangwa kwa Letter likikutana na printa yenye A4, ama linabanwa na kusogezwa bila wewe kuambiwa, ama printa inasimama na kuandika kwenye kioo chake LOAD LETTER huku trei imejaa karatasi. Ukiona maneno hayo, usikubali kuambiwa kwamba printa imeharibika. Inaomba karatasi ambayo faili lako limeitaja. Badilisha Size kwenye faili, itaendelea. Na ili jambo lisijirudie, ingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, uitoe Marekani uweke Tanzania, kisha kwenye Printing preferences za printa ya shule uweke A4 iwe ndiyo ya kudumu.

Baada ya karatasi ni upana, na hapa nataka tupige hesabu badala ya kubahatisha. Fungua View, kisha Page Layout. Hapo Excel inakuonyesha rula, na upana wa kolamu unapimwa kwa sentimita au inchi. Nimekadiria mkeka unaofanana na wako. Kolamu ya namba milimita 10, jina 55, jinsi 9. Masomo kumi, kila moja milimita 11 za alama na 8 za gredi, jumla 190. Jumla na wastani 14 kila moja, pointi na daraja 12 kila moja, nafasi 13. Ukijumlisha unapata milimita 329.

A4 ikiwa imesimama, na pambizo zile ambazo Excel inaziweka yenyewe, inakuachia milimita 174 za kuandikia. Kuuingiza mkeka hapo ni kuupunguza hadi asilimia 53, na maandishi ya saizi 11 yanashuka chini ya 6. Sasa ilaze karatasi: Page Layout, Orientation, Landscape. Kisha Margins, Custom Margins, kushoto na kulia weka sentimita 1, juu na chini 1.5. Unapata milimita 277 za upana. Mkeka ule ule unapungua hadi asilimia 84 tu, na saizi 11 inabaki 9 na ushee. Hiyo inasomeka na mzazi yeyote bila kusogeza karatasi karibu na dirisha. Usibane pambizo zaidi ya hapo, kwa sababu printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa hadi ukingoni; huacha milimita nne au tano kila upande, na kilichoingia humo hakitoki.

Sasa mwambie Excel upana ndio uheshimiwe. Kwenye Page Layout kuna sehemu inayoitwa Scale to Fit. Width iweke 1 page. Height iache Automatic. Hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo, kwa hiyo naomba tukae hapo kidogo. Wengi wanabonyeza Fit Sheet on One Page kwenye dirisha la kuchapa kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Hiyo inalazimisha upana na urefu kwa pamoja. Mkeka wako una wanafunzi 140 na mistari mitano ya vichwa, yaani 145. Mstari wa kawaida wa Excel una kimo cha pointi 15, sawa na milimita 5.3 hivi. Zidisha: unapata milimita 767. Karatasi iliyolala, ukitoa pambizo za juu na chini, ina milimita 180. Excel haina njia isipokuwa kuupunguza mkeka mzima hadi asilimia 23, na saizi 11 inakuwa 2.6. Orodha ya majina haina sababu ya kukaa ukurasa mmoja. Iache ishuke. Kwa hesabu hizi mkeka wako utatoka kurasa nne, kila moja ikiwa na kolamu zote kuanzia namba mpaka nafasi.

Kama ukipima wako unakuta ni mpana zaidi, usikimbilie kupunguza herufi. Punguza kolamu. Kinachotanua mikeka mingi ya shule ni majina ya masomo yaliyoandikwa kwa kulala: "Kiswahili" na "Jiografia" yanadai nafasi mara mbili ya alama zenyewe. Teua mstari wa masomo, nenda Home, bonyeza alama ya herufi zilizoinama kwenye sehemu ya Alignment, uchague Rotate Text Up. Majina yanasimama, na kolamu inaweza kubaki na upana wa tarakimu mbili. Wastani nao upunguzie desimali, 67.4285714 haimsaidii mtu, 67.4 inatosha. Ila kuwa makini usiibane kolamu ya tarakimu kupita kiasi, kwani tarakimu zisipotosha Excel huandika ####, na alama hizo zitachapwa hivyo hivyo. Ukishafanya yote hayo na saizi bado inashuka chini ya 8, mimi nashauri uhamie A3 au ugawe mkeka mara mbili. Chini ya hapo wenye macho ya umri wetu hawataona.

Na A3 usiiogope. Vipimo hivi vya karatasi vilianzia Ujerumani mwaka 1922, kwenye kanuni ya DIN 476 aliyoiandaa Walter Porstmann, na mwaka 1975 vikawa kanuni ya kimataifa, ISO 216. Uwiano wa upana na urefu ni mmoja kwa saizi zote, ndiyo maana A4 mbili zikipangwa kando kwa kando zinatoa A3 kamili. Maana yake kwako ni hii: mkeka uliokwisha kutoka vizuri kwenye A4 unaweza kukuzwa kwa fotokopi hadi A3 kwa asilimia 141, na unajaa sawasawa bila kukatwa. Ile saizi 9 na ushee inakuwa 13. Nakala ya wazazi iwe A4, ya ubao wa matangazo iwe A3, na faili ni lile lile.

Vichwa vya masomo kutotokea ukurasa wa pili kuna dawa yake mahususi. Nachukulia mistari mitatu ya juu ina jina la shule, mtihani na kidato, wa nne una masomo, wa tano una maneno "alama" na "gredi". Nenda Page Layout, bonyeza Print Titles. Kwenye kisanduku cha Rows to repeat at top, bonyeza ndani yake, kisha buruta kwenye shiti mstari wa 4 na wa 5. Kitaandikwa $4:$5. Bonyeza OK. Jina la shule litabaki ukurasa wa kwanza tu, na majina ya masomo yatapanda juu ya kila ukurasa.

Kuna mtego hapa unaowachosha watu wengi. Ukiingia Page Setup kupitia dirisha la kuchapa, yaani baada ya kubonyeza Ctrl+P, utakuta kisanduku hicho kimefifia na hakiandikiki. Hakijaharibika. Kinafanya kazi ukiingia kwa njia ya Page Layout peke yake. Vilevile kitafifia ukiwa umeteua shiti zaidi ya moja kwa wakati mmoja, au ukiwa bado unaandika ndani ya seli. Toka, bonyeza Esc, rudi kupitia Page Layout. Na usichanganye na Freeze Panes. Ile inagandisha vichwa kwenye skrini unaposhuka chini; kwenye karatasi haina athari yoyote ndani ya Excel.

Karatasi tupu sasa. Bonyeza Ctrl+End. Excel itakupeleka kwenye seli ya mwisho inayoamini inatumika. Kama mwanafunzi wako wa mwisho yuko mstari wa 145 na wewe umepelekwa mstari wa 600, kule chini kuna kitu: mipaka ya jedwali iliyochorwa kupita kiasi, rangi, au nafasi tupu iliyopigwa kwa bahati mbaya. Vitu hivyo Excel huvihesabu, na mipaka ya jedwali isiyo na maandishi ndani inaweza kutoka kama ukurasa. Teua mistari yote iliyozidi, bofya kulia, Delete, kisha hifadhi faili. Halafu weka uzio: teua kuanzia seli ya kwanza hadi ya mwisho ya mkeka, Page Layout, Print Area, Set Print Area. Kilicho nje ya uzio hakichapwi.

Uzio huo una sharti lake. Ukipata mwanafunzi mhamiaji na ukamwandika chini kabisa, nje ya eneo uliloweka, jina lake halitatoka kwenye karatasi, na hakuna onyo litakalotokea. Mwingize kwa Insert katikati ya orodha, kabla ya mstari wa mwisho, na eneo litatanuka lenyewe. Au uliweke upya. Kichujio nacho ni hivyo hivyo. Kama jana ulichuja wasichana tu ili kuhesabu ufaulu wao na ukasahau kuondoa, leo watachapwa wasichana tu. Kabla ya kuchapa, tazama namba za mistari upande wa kushoto. Zikiruka au zikiwa za bluu, kuna mistari imefichwa.

Kufichwa huko huko kunaweza kukufaa. Kama mkeka una kolamu ya simu za wazazi au maelezo ya ada, bofya kulia juu ya kolamu, Hide, na haitachapwa. Lakini kumbuka kwamba kwenye faili bado ipo, na yeyote mwenye faili anaweza kuifunua kwa kubonyeza Unhide. Hili nitalirudia tukifika steshenari.

Chini ya kila ukurasa weka namba. Page Layout, Print Titles tena, safari hii ingia kwenye Header/Footer, Custom Footer. Katikati andika Ukurasa, acha nafasi, bonyeza alama ya namba ya ukurasa, andika kati ya, bonyeza alama ya jumla ya kurasa. Utaona imeandikwa Ukurasa &[Page] kati ya &[Pages]. Mkeka wa kurasa nne ukianguka mezani kwa mkuu wa shule, namba hizo ndizo zitakazomwambia kama kuna karatasi imepotea. Kwenye sehemu ya Sheet ya dirisha hilo hilo kuna kisanduku cha Black and white. Kama umepaka rangi za daraja la kwanza hadi sifuri na printa ni ya nyeusi peke yake, kiteue. La sivyo rangi zote zinatoka kijivu, na nyekundu iliyokolea inameza tarakimu iliyo juu yake. Ukikiteua, hata wino utatumika kidogo.

Ukitaka kila mkondo uanze ukurasa wake, A, B na C, Excel ina sharti linaloudhi: mahali ambapo umetumia Scale to Fit kwa kutaja idadi ya kurasa, inapuuza mikato unayoweka kwa mkono. Fanya hivi. Rudisha Width iwe Automatic, kisha kwenye Scale andika asilimia mwenyewe, kwa mfano wetu 84, au 82 ili kuacha nafasi ya kupumua. Simama kwenye kolamu A, mstari wa mwanafunzi wa kwanza wa mkondo B, Page Layout, Breaks, Insert Page Break. Rudia kwa mkondo C. Halafu fungua View, Page Break Preview. Mistari ya bluu iliyonyooka ni mikato yako, yenye vidokezo vidokezo ni ya Excel yenyewe. Ukiona mstari wa wima wa vidokezo unapita katikati ya jedwali, kolamu bado hazijatosha. Punguza asilimia moja moja mpaka utoweke.

Walimu wenzako wanaotumia Google Sheets njia yao ni fupi. File, Print, wanachagua A4, Landscape, Scale iwe Fit to width, Margins iwe Narrow. Huko ndiko kugandisha mistari kunakohusiana na kuchapa: chini ya Headers & footers wateue Repeat frozen rows, na mistari yote iliyogandishwa itajirudia, ikiwemo ya jina la shule. Kwenye LibreOffice, mistari ya kujirudia iko Format, Print Ranges, Edit; na upana uko kwenye Page Style, kichupo cha Sheet, pale panapotajwa width na height. Wanaweka 1 kwenye width na kuacha height wazi.

Tuje kwenye taarifa ya bodi. Word inaona faili zima kama sehemu moja mpaka uiambie vinginevyo, na amri ya kulaza karatasi inashika sehemu nzima. Kwa hiyo lazima ukate sehemu tatu: ya kabla ya jedwali, ya jedwali, na ya baada yake. Weka kasa (kile kijistari kinachopepesa unapoandika) mwishoni mwa aya inayotangulia jedwali, nenda Layout, Breaks, na chini ya Section Breaks chagua Next Page. Shuka hadi mwisho wa jedwali, kwenye mstari wa kwanza wa aya inayofuata, fanya vile vile. Sasa bonyeza popote ndani ya jedwali, Layout, Orientation, Landscape. Unalala ukurasa huo tu. Kinachowapoteza watu ni kutumia Page Break ya kawaida, ile ya Ctrl+Enter. Hiyo inahamisha maandishi kwenda ukurasa mpya lakini haikati sehemu, na kila ukiulaza mmoja zinalala zote, kama ilivyokutokea. Ukitaka kuona ni ipi umeweka, bonyeza alama ya ¶ kwenye Home. Word itaandika wazi kama ni Section Break au Page Break.

Jedwali ulilolihamisha kutoka Excel likitokeza nje ya pambizo, bonyeza ndani yake, nenda kwenye Layout ya jedwali, AutoFit, AutoFit Window. Litakaa ndani ya upana wa ukurasa. Likivuka ukurasa mmoja, teua mstari wa vichwa, kwenye Layout hiyo hiyo bonyeza Repeat Header Rows. Ikikataa kufanya kazi, mara nyingi ni moja kati ya sababu mbili: jedwali limewekwa Text wrapping iwe Around badala ya None, au mtu amepiga Ctrl+Enter katikati ya jedwali ili kulisukuma. Ondoa hivyo viwili.

Namba za kurasa angalia baada ya kukata sehemu. Zikianza upya 1 kwenye sehemu ya pili, bofya kulia juu ya namba, Format Page Numbers, chagua Continue from previous section. Na kama namba iliyokuwa katikati imeonekana kuvutwa kushoto kwenye ukurasa uliolala, ni kwa sababu iliwekwa kwa kitufe cha Tab, na kituo cha Tab kimebaki pale kilipokuwa kwenye karatasi iliyosimama. Ingia kwenye kijachini cha ukurasa huo, zima Link to Previous, futa Tab, na uiweke katikati kwa Ctrl+E. Fanya hivyo pia kwenye sehemu ya tatu ili kila moja ijitegemee.

Taarifa yako ikiwa na yaliyomo mwanzoni, na ukagundua leo kwamba ilikuwa Letter, ibadilishe iwe A4 kwanza kabla ya kuhariri chochote. A4 inabeba mistari mitatu hadi minne zaidi kwa ukurasa, kwa hiyo vichwa vitahama. Ukimaliza, bofya kulia juu ya yaliyomo, Update Field. Na kama itafungwa kwa spairo, kwenye Margins kuna Gutter: weka sentimita 1 ili matundu yasile herufi za kushoto. Ule ukurasa uliolala, wakati wa kufunga, kichwa cha jedwali kielekee upande wa spairo. Mjumbe wa bodi atageuza taarifa mara moja tu kuusoma. Ukurasa mtupu wa mwisho, unaotokea pale taarifa inapoishia na jedwali, hutokana na aya ambayo Word huiweka lazima baada ya jedwali. Haifutiki. Iteue, saizi ya herufi iwe 1, nafasi za juu na chini ziwe 0, na ukurasa utaondoka.

Yote haya yanaweza kuvurugika kwenye kompyuta ya steshenari, na kwa sababu halali. Excel na Word hupima kurasa kwa kutumia printa na fonti za kompyuta zilipo. Faili lile lile likifunguliwa pengine, penye printa nyingine au pasipo na fonti yako, kolamu moja inasogea na mkato unahama. Kwa hiyo usipeleke Excel wala Word. Nyumbani au ofisini, File, Export, Create PDF, na hiyo PDF ndiyo uipeleke. Humo kurasa zimeshakatwa, fonti zimo ndani, na kilichofichwa hakimo. Hapa ndipo zile simu za wazazi zinapoingia: faili la Excel likibaki kwenye kompyuta ya watu, limebaki na kila kitu, pamoja na kolamu ulizoficha. Hizo ni taarifa za watoto wa watu, mwalimu. PDF ina kile kilicho kwenye karatasi tu, na hata hiyo ombeni waifute mkishamaliza. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama Document. Ukipiga picha skrini au ukatuma kama picha, inabanwa, na tarakimu ndogo zinavunjika.

Mwombe anayechapa achague Actual size, asichague Fit, maana Fit hupunguza tena kitu ulichokwisha kukipima. Kama unachapa pande mbili ili kuokoa karatasi, mkeka uliolala na utakaobanwa pini upande wa kushoto uchapwe kwa Flip on short edge. Ukibanwa juu, Flip on long edge. Taarifa ya Word iliyosimama ni long edge. Toa seti moja kwanza, kurasa nne. Tazama kolamu ya nafasi iko, vichwa viko ukurasa wa 2, na mwanafunzi wa 140 yuko ukurasa wa 4. Ikiwa sawa, ndipo uagize zilizobaki.